Wa Mwisho Kuingia Ufumaji

Nyumbani kwetu hakuna anayemwita baba yangu Baba. Ni Mwenyekiti. Mama alianza kwa utani, siku alipochaguliwa kuongoza tawi la chama cha wafanyakazi pale kiwanda cha mablanketi, na utani ukaota mizizi hadi kitinda mimba wetu akaamini ndilo jina alilopewa na bibi. Mwenyekiti mwenyewe hakusaidia mambo. Akitaka chumvi, aliomba "ruhusa ya kikao". Kuoga kabla ya kulala lilikuwa azimio. Tukigombania rimoti, alituamuru tuteue wajumbe wawili kila upande, na kwa kuwa watoto tuko watatu tu, mazungumzo yalivunjika kila mara, naye akatazama taarifa ya habari kwa amani.

Ndiyo maana habari za kupunguza watu zilipotoka hatukutetemeka. Tulijua kiwanda kiko hoi. Mablanketi ya bei ya kutupa yalikuwa yakiingia kwa makontena, na kwenye ukumbi wa ufumaji mitambo kadhaa ilikuwa imefunikwa maturubai kama maiti zinazosubiri ndugu. Menejimenti ikatangaza kwamba ufumaji utapunguza watu kadhaa. Mama alikuwa mfumaji. Alimwambia mumewe, huku akimenya viazi, kwamba roho ya mkewe iko mikononi mwake. Mwenyekiti akajibu kwamba suala lake limepokelewa. Usiku huo tulilala kama magogo.

Ugomvi ulikuwa juu ya jambo moja: nani aondoke. Menejimenti ilitaka kuangalia "ufanisi", neno ambalo Mwenyekiti alilitamka kama anayetema mbegu ya ndimu. Ufanisi, alitufundisha, maana yake msimamizi anakaa na kalamu na kuwakumbuka wote waliowahi kumjibu. Chama kilitaka wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka. Mama aliingia kiwandani kabla hajaolewa. Kwa hesabu hiyo, kumtoa yeye kungebidi kwanza watoe kuta.

Upande wa pili uliongozwa na afisa utumishi, mwanamke mpole ambaye wafanyakazi walimwita Pole Sana, kwa kuwa ndivyo alivyoanza kila habari mbaya. Ukikutana naye kwenye korido akakusalimia, unamshukuru Mungu. Akikupa pole, unaenda kufungasha.

Yaliyotokea ndani tuliyapata kwa Mjomba, kaka yake Mama na katibu wa tawi, mtu asiyeweza kusimulia mvua bila yeye mwenyewe kulowa kidogo. Alisema Mwenyekiti aliunguruma. Alipiga meza mpaka glasi ya Pole Sana ikahama. Alikataa chai, akakataa maji, akakataa hata kiti chenye mto, kwamba mto nao ni rushwa. Pole Sana alishikilia ufanisi wake kikao baada ya kikao, mpaka mchana mmoja akavua miwani, akaifuta, akasema haya, chama kimeshinda. Wa mwisho kuingia atakuwa wa kwanza kutoka, kwa kufuata utaratibu wa kiwanda kama ulivyo.

Wajumbe wakakumbatiana. Mjomba akatoa chozi. Wakatia sahihi. Wino haujakauka, Pole Sana akauliza, kwa upole wake ule ule, kama wanakumbuka utaratibu wa kiwanda unavyohesabu kuingia.

Pale kiwandani, anayehama sehemu huanzia mkiani. Hata awe ameota mvi alikotoka, akija ufumaji ni mgeni. Anapewa zamu ambazo wenzake wamezikimbia, anachukua likizo wakishachagua wote, na miaka yake inahesabiwa upya. Menejimenti haikubuni jambo hilo. Wafumaji walilitaka wenyewe, enzi ambazo ufumaji ulilipa vizuri na kila mtu alitaka kuhamia, ili wenye sehemu yao wasirukwe na wageni. Fundi mitambo mmoja kijana, mwenye sauti kubwa na ndio kwanza amechaguliwa, akawapigania mpaka likaingia kwenye mkataba. Walimbeba mabegani siku ile. Bado ana kawaida ya kutuonyesha nyumbani walivyombeba, kwa kumtumia kitinda mimba.

Na Mama hakuanzia ufumaji. Alikuwa sehemu ya kutia rangi, mpaka moshi wa dawa ulipoanza kumkaba kifua na Mwenyekiti akahangaika kumpatia uhamisho. Alikuwa amefika ufumaji mwaka uliotangulia, nyuma ya watu wote. Nyuma hata ya Twiga, kijana mrefu aliyekuwa bado hajazoea kuinama mlangoni, na ambaye orodha ya wanaotoka ilianzia nyuma yake tu.

Mjomba alisema hapo Mwenyekiti alikalia kile kiti chenye mto bila kujua. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkutano, kwamba ingekuwa haki watu wahesabiwe tangu walipoingia getini.

Pole Sana alimtazama kwa huruma, na Mjomba anaapa ilikuwa huruma ya kweli.

"Mwenyekiti, hilo unaliombea chama au unaiombea nyumba yako?"

Wakihesabu tangu getini, Mama anabaki na Twiga anatoka, na Twiga ni mwanachama, analipa ada, na mkewe alikuwa amejifungua juzi tu. Mwenyekiti akasema basi atoke yeye. Pole Sana akamwambia pole sana. Kiwanda hakikuwa kinapunguza mafundi, na fundi akiondoka hakuna mtambo unaofunuliwa turubai ili mfumaji apate kazi.

Mjomba, kwa kutoweza kubana kitu, alifika kwetu kabla yake. Kwa hiyo Mwenyekiti alipoingia, Mama alishajua. Alimwekea chakula. Kilikuwa hakina chumvi hata kidogo, naye akala bila kuomba ruhusa ya kikao. Nilijaribu kupendekeza tuahirishe hadi kesho. Hoja yangu haikupata wa kuiunga mkono.

"Mama watoto," akasema.

Mama aligeuka. "Kumbe bado unanijua."

"Sikufikiria."

"Ulifikiria, baba. Ulifikiria wafumaji wote. Mimi ndiye uliyeniruka."

Mwenyekiti akamwambia kwamba makubaliano hayawi makubaliano mpaka wanachama wayapitishe. Angeweza kuyapeleka vibaya. Angeweza kuwaambia wayakatae. Mama akamuuliza yakikataliwa inakuwaje, ingawa alijua. Unarudi ufanisi. Unarudi msimamizi na kalamu yake. Na kwa kalamu hiyo, Mama akasema, angeanza kutoka mke wa Mwenyekiti, kisha dada wa Katibu.

"Huyo si mimi tena?"

Mjomba alianza kusema kwamba subira huvuta heri, Mama akamtazama, akaimeza.

Mkutano wa wanachama ulifanyika nje ya geti, zamu zikipishana. Sisi watoto tulisimama ng'ambo ya barabara. Mwenyekiti alipanda juu ya kreti na kueleza masharti yote, moja baada ya jingine, kwa ufasaha. Mpakiaji mmoja kule nyuma akapaza sauti kwamba wenye vyeo bila shaka wameshaficha wake zao. Watu wakacheka. Mjomba alitaka kujibu, Mama akamshika mkono wa shati.

Kisha Mwenyekiti akaomba wanaokubali wanyooshe mikono.

Ilinyooshwa mingi, ya wale watakaobaki. Waliokuwa wanatoka waliangalia chini, wengine simu. Mama akanyoosha wake, juu kabisa, kama mtoto anayejua jibu. Twiga alikuwa pembeni yake. Alipouona mkono huo, wake ukaanza kushuka, ukaishia sikioni, akajikuna.

"Nyoosha, mwanangu," Mama akamwambia. "Ulishanyoosha."

Akanyoosha. Mwenyekiti akahesabu, na alipofika kwa Mama aliruka, akarudi, akamhesabu. Yakapita.

King'ora kikalia. Wa zamu ya mchana wakaanza kuingia, akiwemo Twiga, ambaye kwa mara ya kwanza aliinama mlangoni. Mwenyekiti akashuka kwenye kreti na kumfuata Mama. Alifungua mdomo. Mjomba anasema alitaka kuomba msamaha. Mimi nadhani alikuwa anatafuta maneno ya kufungia kikao, maana ndiyo pekee anayoyajua.

"Nenda," Mama akasema. "Zamu imeanza."

Akaenda. Mlinzi akaanza kulisukuma geti. Mama alikuwa amesimama kwenye njia yake, kwa hiyo akamwomba, kwa heshima zote, asogee nyuma kidogo.