Vidogo vya Horini

Kizuri chajitembeza, kibaya chajiuza. Hivyo ndivyo Pilipili, kitinda mimba wa nyumba ile, alivyoipindua methali ya wahenga, na ushahidi alikuwa nao: viazi vyeupe vya baba yake vilinunuliwa na kila mpita njia, ila vyake vya zambarau, vitamu kama njugu, vilimzungusha mjini jiko hadi jiko mpaka soli za viatu zikalika.

Baba alikuwa amemwazima kipande cha shamba nyuma ya zizi kwa msimu mmoja tu. "Visipopata mnunuzi, kipande kinarudi kuwa cha majani ya ng'ombe. Na hayo maneno yako utayala kwa chumvi."

Hatimaye mpishi mkuu wa hoteli alionja kimoja, akafumba macho, akasema mzigo atakuja kuuchukua mwenyewe.

Siku ilipofika, Pilipili alikwenda barabarani kumpokea. Nyuma, baba akabaki na viazi, akaanza kuona aibu. Rangi ya wino tayari ni msiba. Na hivi vingine, vidogo kama vidole vya mtoto? Mgeni si atasema nyumba hii haijui kulima! Basi akafanya alichofanya miaka yote, na baba yake kabla yake: akachambua. Vikubwa guniani, vidogo horini kwa ng'ombe.

Mpishi alifungua gunia, akakunja uso. "Mbona magogo matupu? Mimi niliagiza vile vidogo, vya kuchemsha na ganda lake, kimoja tonge moja."

"Vimo humo humo."

"Havimo, dada."

Pilipili akamtazama baba. Baba akatazama mawingu. Zizini kukasikika kru, kru, kru.

"Baba! Vidogo viko wapi?"

"Nimekusaidia kuchambua, mwanangu."

Pilipili alishafika zizini kabla baba hajamaliza, akamshika ng'ombe pembe.

"Taratibu, ana mimba huyo!"

"Nyamaza, baba, shika hori!"

Na mzee, ambaye hata mkewe hakuwahi kumwambia anyamaze, akashika hori. Wakaliburuta hadi uani. Ng'ombe akalifuata, midomo ya zambarau, kama bibi harusi aliyezidisha rangi.

Mpishi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Alichungulia horini: vingi vilikuwa vimesalimika. "Osheni hivi hivi, navichukua vyote. Na msimu ujao nataka gari zima."

Gari lilipoondoka, baba alisimama akilipima kwa macho shamba lake la viazi vyeupe.

"Kile kipande hakitakutosha," alisema. "Ongeza na huku, mpaka mtaroni." Kisha akaukumbuka ubaba wake. "Ila umeninyamazisha mbele ya mgeni. Niombe radhi."

Pilipili alikuwa akifuta mate ya ng'ombe mikononi.

"Shamba nimepokea, baba, na ahsante sana. Radhi siombi."