Mjomba wa Marehemu

Saadi wa Ruangwa alikuwa na ghala moja la bati jekundu kando ya barabara ya kwenda Nachingwea, na msimu wa korosho ukifika ghala hilo lilimpa heshima kuliko ndevu zake. Vyama vya wakulima kuanzia Nanganga hadi Chinongwe vilihifadhi korosho zao humo zikisubiri mnada. Ujanani mwenyewe alikuwa kuli Nachingwea, na nundu ya kazi ile ilikuwa bado ipo shingoni, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Saadi hakujua uzito wa gunia. Alijua sana. Ila mtu aliyepona hudhani kila mtu hupona.

Makuli wake walikuwa kumi na sita, na kiongozi wao alikuwa Twalha, mtoto wa dada yake Biasha. Kwa Wamwera huyo si mpwa wa kutajwa kwenye salamu tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Akiumwa anaulizwa mjomba. Akikosa anaitwa mjomba. Akidhulumiwa, mjomba ndiye anayesimama kumdai aliyemdhulumu. Saadi ndiye aliyempeleka Twalha jandoni, ndiye aliyemsomesha hadi kidato cha nne, na ndiye aliyekuwa aende Nandagala msimu ukiisha kumposea binti aitwaye Munira. Baba mzazi alikuwa amehamia mbali miaka mingi, hata salamu zake zilikuwa zimekatika.

Mwaka ule korosho zilikubali na malori yakachelewa. Gunia ziliingia asubuhi na jioni, hakuna iliyotoka. Rundo la upande wa kushoto likapanda hadi gunia kumi na tisa kwenda juu, likasogea ukutani mpaka ikabaki njia ya kupita mtu mwembamba akijibana. Saadi alilitazama kwa raha, kama mama anavyomtazama mtoto aliyenona.

Ndipo akaja Filbert. Alikuwa mkaguzi wa usalama kazini, wiki ile alikuwa akikagua maghala ya Nachingwea, na siku ya Jumatatu akavuka na pikipiki hadi Ruangwa. Alikuwa Mngoni wa Songea. Sasa Mngoni na Mmwera ni watani tangu babu zake Filbert walipokuja huku na mikuki yao, na utani una sheria moja ambayo haijaandikwa popote lakini inafuatwa kuliko zote zilizoandikwa: mtani hakasiriki. Akikasirika, ameshindwa.

Wakaanza mlangoni. Filbert akasema watumwa wake hawa zamani hawakujua hata kujenga uzio wa kuku, leo wanajenga minara ya korosho. Saadi akajibu kwamba babu yake Filbert alikuja na mkuki kuchukua kuku, mjukuu kaja na kalamu kuchukua ghala, wizi ni ule ule. Makuli wakacheka hadi wakakaa chini. Filbert akaomba kuona kofia ngumu. Zilikuwepo nne kwa watu kumi na sita, na moja ilikuwa imelaliwa na kuku mwenye mayai. Hapo Mngoni mwenyewe akacheka, akaandika.

Alipolifikia rundo la kushoto hakucheka tena. Alilizunguka, akaweka kiganja kwenye gunia za katikati, akainama kutazama chini. Kisha akamvuta Saadi hadi kwenye mizani, mbali na watu, akashusha sauti.

"Mzee Saadi, utani nimeuacha mlangoni. Rundo hili litaua mtu. Lishuke hadi gunia kumi na mbili, na mpaka litakaposhuka, asiingie mtu upande wa ukutani. Nimekuandikia siku saba."

Akampa karatasi. Saadi aliisoma yote, na aliielewa. Hili ndilo lililokuja kumtesa baadaye, maana angekuwa hajui kusoma angekuwa na pa kujificha. Lakini pale alihisi aibu ya kufundishwa gunia na mtu ambaye hajawahi kubeba hata moja, na makuli walikuwa wanatazama. Akafanya ambalo mtu wa kwao tu angeweza kulifanya. Alilichukua neno zito la mwenzake akalirudisha kwenye utani, kwa sauti ya kusikika ghala zima.

"Likiua mtu, si wewe mtani upo? Utakuja kuchimba kaburi, tena bure!"

Makuli waliangua kicheko. Twalha naye alicheka, akampigia mjomba wake makofi. Filbert alisimama na kalamu yake. Angekasirika, angeonekana hajui mila. Alitabasamu nusu, akagonga kidole kwenye ile karatasi mkononi mwa Saadi, akapanda pikipiki yake.

Saadi aliikunja karatasi akaitia mfuko wa shati. Si kwamba aliidharau kabisa. Alipiga hesabu ya kichwani: kushusha rundo kulimaanisha kutoa gunia nje, na nje mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Korosho ikilowa inakataliwa, na vyama vingemwambia ghala lako linavuja hata lisipovuja. Akajiambia malori yakija rundo litashuka lenyewe. Mwenye kutaka kuchelewa hakosi sababu.

Siku ya nne Twalha alimfuata mezani akamwambia rundo la kushoto limelala kidogo upande wa ukuta. Alisema kwa upole, kama alivyosema kila jambo kwa mjomba wake. Hapo Saadi alishtuka kidogo, na mkono ukaenda mfukoni. Angeweza kusema wote watoke. Angeweza kuitoa karatasi akasema mkaguzi amekataza mtu kupita kule. Neno moja lingetosha. Badala yake akachagua njia ya katikati, ile ambayo mtu huichagua anapotaka kutii bila kuonekana ametii.

"Kata nguzo mbili za mti mgumu, ukaliegemeze kwa upande ule wa ukuta. Lori linakuja kesho kutwa."

"Sawa, mjomba," alisema Twalha.

Nguzo ya kwanza ilisimama vizuri. Alikuwa anajibana na ya pili baada ya sala ya alasiri. Waliokuwa nje walisema hawakusikia kelele yoyote ya mtu, walisikia kishindo kimoja kizito na vumbi likatoka mlangoni. Makuli kumi na watano walizitoa gunia zile kwa mikono, na Saadi alibeba pamoja nao, mzee wa miaka sitini na moja, gunia la kilo themanini shingoni juu ya nundu ile ile, na hakuna aliyemwambia apumzike. Walipomfikia Twalha alikuwa ameshafariki. Mkono wake ulikuwa bado umeishika nguzo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mtoto wa dada yako.

Walimzika Chinongwe kwa mama yake. Saadi alikaa mbele, mahali pa mjomba, akapokea mikono ya watu mmoja mmoja. Kazi ya Mungu, walimwambia. Ahadi imefika. Hakuna ajuaye siku yake. Saadi aliyapokea maneno hayo kwa pupa. Kila aliyesema kazi ya Mungu alimpunguzia kitu kifuani kwa muda, kisha usiku kikarudi chote. Askari walikuja, wakapima ghala kwa futi, wakaandika, wakalifunga kwa kufuli lao. Makuli walipoulizwa walisema rundo liliteleza. Walichokisikia wao siku ile ya mkaguzi kilikuwa utani, na utani hauandikwi kituoni. Shati alibadilisha, lakini karatasi aliihamishia kwenye kanzu. Hakujua kwa nini haichomi.

Biasha hakumuuliza neno. Alimletea uji asubuhi kama alivyomletea tangu wakiwa watoto, akamwambia kaka kunywa, utaanguka. Hicho ndicho kilichomuumiza kuliko kilio. Mara mbili Saadi alifungua mdomo amwambie, na mara mbili akaomba sukari.

Siku ya nne ya msiba, baada ya hitima, Filbert akaja na mkoba wake. Watu walijua ni mtani, wakasogea kidogo wakitegemea vituko, maana msiba wa Mmwera bila watani ni msiba ulionyimwa haki yake. Mtani hulala juu ya jeneza, huiga sauti ya marehemu, huwachekesha wafiwa kwa nguvu mpaka machozi yachanganyike. Filbert alivua kofia, akasalimia, akaketi kwenye kigoda. Hakutania hata kidogo. Vicheko vilivyokuwa tayari vilirudi tumboni.

Alieleza kazi yake kwa maneno ya kawaida. Uchunguzi wa sheria utaendelea njia yake, wao wapende wasipende. Lakini upo pia upande wa familia: wanajua nini kuhusu kifo hiki, na je, wana lalamiko juu ya mwajiri au hawana. Fomu zilikuwa mbili, moja ya mwajiri na moja ya familia. Ya familia ilihitaji msemaji mmoja atakayetia sahihi.

"Msemaji wa marehemu ni mjomba wake," alisema Mzee Nurdini, mkubwa wa ukoo, kama mtu anayetaja jambo lisilo na mjadala. Kisha akamwinamia Saadi sikioni akamwambia aseme tu ukoo umesamehe, kazi ya Mungu haina mashtaka, wamalize.

Jamani, tazameni jinsi mambo yalivyokuwa. Aliyetakiwa kumdai mwenye ghala alikuwa mwenye ghala. Sentensi moja ya Saadi ingemsamehe Saadi, kwa jina la mtoto aliyelala chini ya udongo mbichi hatua hamsini kutoka pale, na hakuna mtu kwenye mkeka ule ambaye angempinga. Filbert alikuwa na nakala ya karatasi ile mkobani, Saadi alijua. Hakuitoa. Aliinamisha macho akasubiri. Huenda ilikuwa heshima, huenda alikuwa na lake la kujilaumu, tangu siku ile aliyotabasamu nusu.

Biasha alikuwa amekaa nyuma na wanawake, kanga kichwani. Akasema kwa sauti ndogo, "Sema wewe, kaka. Utakalosema ndilo langu."

Saadi alifunua mdomo kusema ukoo umesamehe. Maneno yalikuwa yameshajipanga. Lakini alipolitafuta jina la wa kusamehewa, akaona ni lake mwenyewe, na akaona kwamba akilisema hivyo leo hatawahi tena kunywa uji wa yule mwanamke. Aliingiza mkono ndani ya kanzu, akaitoa karatasi iliyolainika kwa jasho, akaiweka juu ya mkeka.

"Andika," alimwambia Filbert. "Mjomba wa marehemu analo lalamiko. Mwenye ghala aliambiwa siku nne kabla kwamba rundo litaua mtu. Aliambiwa asiingize mtu upande wa ukuta. Alisoma, akaelewa, akacheka. Kisha akamtuma Twalha huko huko na nguzo. Mjomba hasamehi."

Mzee Nurdini alishika kichwa. Kuli mmoja aliyekuwa karibu na mlango aliitazama karatasi, akamtazama Saadi, na usoni ilionekana wazi kwamba sasa ndipo alipokuwa anausikia ule utani wa Jumatatu. Filbert aliandika polepole. Saadi alingoja. Alihisi, Mungu amsamehe, unafuu kidogo, kama mtu aliyetua gunia. Alidhani amefanya jambo la mwisho ambalo mjomba anaweza kumfanyia mpwa wake, na kwamba dada yake ataliona.

Filbert alimaliza, akaigeuza fomu ya familia, akamsogezea kalamu. Saadi alinyoosha mkono.

"Nipe mimi," alisema Biasha.

Alikuwa amesimama. Alipita katikati ya wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akapiga magoti mbele ya kigoda cha mkaguzi. Mzee Nurdini akamkumbusha taratibu kwamba mama hatii sahihi mjomba akiwepo, haijawahi kuwa hivyo tangu enzi za bibi zao.

"Twalha hakuwa na mjomba," alisema Biasha. "Angekuwa naye, angemtoa mle ndani."

Hakupaza sauti, wala hakumtazama kaka yake. Alimwuliza Filbert ni kidole kipi kinachotumika kwa mtu asiyejua kuandika. Filbert akafungua kibweta cha wino, akakishika kidole gumba cha Biasha, akakikandamiza juu ya karatasi. Kisha akamsogezea Saadi ile fomu nyingine, ya mwajiri, na wanaukoo waliokuwa wamekaa naye kwenye mkeka wakasogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki nayo peke yake.