Figo Tatu Arudi Kazini

Siku ile mjinga alikuwa yeye mwenyewe, tuliseme hilo mapema tusije tukamtafuta mwingine wa kumtwika. Mtu amekaa nyumbani miezi na miezi akilea figo mpya, amemwapia kila mwenye masikio kwamba amepona, halafu asubuhi ya kwanza ya kurudi kwenye karakana ya useremala, mbele ya kaka yake aliyekuja kumkagua, anafanya kile kile alichokatazwa.

Karakanani walishambandika jina la Figo Tatu. Daktari alipompandikizia figo ya mdogo wake wa kike hakuzitoa zile mbili za zamani; aliziacha humo humo zimelala, kama wapangaji waliogoma kuhama. Jina lilimkaa vizuri. Aliwaambia wenzake kuwa wao wenye mbili mbili wawe wanamwamkia.

Kaka yao mkubwa ndiye waliyemwita Mwenyekiti, kwa sababu katika familia ile hata chai haikunywewa kabla hajafungua kikao. Huyu alishapitisha uamuzi kwamba benchi la mdogo wake apewe seremala mwingine, na mgonjwa abaki nyumbani atunzwe. Mgonjwa akajibu kuwa hapo hakuna mgonjwa, na asiyeamini aje aone.

Akaja. Akamkuta Figo Tatu amevaa barakoa kwa ajili ya vumbi, dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ameshazimeza kwa wakati wake, na kazi ya kubeba mbao nzito amewaachia wenzake. Mwenyekiti akazunguka karakana nzima akitafuta kasoro, akaikosa. Figo Tatu angeishia hapo, angekuwa ameshinda. Lakini sifa zilishampanda kichwani. Akavuta ubao wa mlango, akashika randa.

Sasa, jiriwa ya kubania mbao ilikuwa imeganda kwa kutu. Na maseremala wa pale, jiriwa ikigoma, ubao huubana kwa tumbo: ncha moja kwenye kizuizi cha benchi, ya pili chini ya kitovu, kazi inaendelea. Ndivyo alivyofanya ujana wake wote, na mwili ukatenda kabla kichwa hakijaulizwa. Wengi hudhani figo ya kupewa hukaa mgongoni pamoja na nyingine. Yake ilikuwa mbele, chini ya kitovu upande wa kulia, pale pale ubao ulipokita.

Akasukuma randa mara mbili. Ya tatu hakuimaliza. Alikaa chini kwenye maranda, uso umempauka.

Hospitali walimpima, wakaikuta figo salama, wakamgombeza kama mtoto aliyechezea moto. Kazi hawakumkataza, walimkataza tumbo. Lakini Mwenyekiti alisikia alichotaka kusikia. Waliporudi karakanani alianza kukusanya patasi na misumeno ndani ya gunia, huku akieleza alivyochoka kumpeleka mtu kusafishwa damu na kumsubiri kwenye viti vile vya chuma, akijiuliza kama atatoka. Hapo Figo Tatu akamwonea huruma. Hata hivyo akalishika gunia.

"Kaka, nimekosea kubana ubao," alisema. "Sijakosea kuwa seremala."

"Basi tumwite mwenye figo aseme."

Mwenye figo alikuwa dereva wa lori, na alipiga breki nje karakana nzima ikatikisika. Aliingia, akasikiliza upande huu na ule, akauliza hospitali wamesema nini. Kisha akamgeukia Figo Tatu na kumwambia kwamba katika watu wote aliowahi kuwapa kitu, punda ni yeye peke yake. Mwenyekiti akatabasamu. Dada akaagiza oili, akamwaga kwenye jiriwa, akaning'inia kwenye mpini wake hadi ikalia, ikazunguka.

Tabasamu la Mwenyekiti likafifia. Akamuuliza kama kweli hana uchungu na kiungo chake mwenyewe. Kwa nini asimwambie huyu akae nyumbani, figo ya watu itulie?

Dada alikuwa anajifuta oili mikononi.

"Kaka, ingekuwa ni ya kukaa tu, kwangu ilikuwa imekaa vizuri."