Kibao cha Harwick

Lester Pruitt alikuwa amemaliza miaka kumi na tisa ndani ya ukuta wa uwanja wa besiboli wa Corliss, akitundika namba za mabati kwa mkono, na alikuwa hajawahi kutundika hata sifuri moja ya mtoano, maana Corliss hawakuwahi kufika huko. Mwakani ukuta ulikuwa uwekewe taa za umeme za kuonyesha namba badala yake. Kama si mwaka huu, basi tena.

Wa kulaumiwa walikuwa timu ya Harwick. Wao na Corliss walikuwa kundi la Mashariki, na kundi hutoa timu moja tu ya kwenda mtoano. Harwick wana pesa, Corliss wana moyo, na moyo ulishika nafasi ya pili miaka saba mfululizo. Ndipo ligi ikapanga makundi upya, ikawatupa Corliss Magharibi, kwenye safari za basi za kukatisha kiuno. Mji ulinung'unika hadi Juni, ulipochungulia msimamo ukakuta timu yake inagombea uongozi na Odell, ambao mwaka jana hakuna aliyejua wako upande gani wa dunia. Manung'uniko yakapona kama mafua.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Corliss washinde, Odell wafungwe, basi wamepita.

Ndani ya ukuta Lester alikuwa na Wilma, dada wa mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza redio na kumsumbua. Juu kabisa ya ubao kuna nafasi nyekundu ya matokeo ya mpinzani wa kundi anayecheza kwingine, ambayo mji mzima huitupia jicho. Awamu ya nane, Corliss wakiwa nyuma kwa moja, nafasi ile ilisomeka: Harwick tisa, wenzao bila. Watu walianza kukusanya mito yao ya kukalia.

"Tumekwisha, shemeji," Lester alisema.

"Nani kakwisha?"

"Huoni? Harwick tisa!"

"Hongera zao. Kwani wako kundi la nani?"

Lester akageuka kukitazama kibao.

"Basi limehama, timu imehama," Wilma alisema. "Kichwa chako tu ndicho kimebaki Mashariki kulinda nyumba."

"Na Odell?"

"Wamelala saba kwa mbili, mechi imekwisha. Nimekwambia mara mbili, ukasema nisikuchanganye!"

Mazoea yana taabu. Lester alikivuta kibao cha Harwick kikamwangukia kidoleni, akatukana, akatundika cha Odell. Uwanja ukalipuka. Waliobeba mito wakakaa. Tully Brandvold, mpigaji wa Corliss aliyekuwa akiburuta gongo kama fagio, alitazama ubao, akanyoosha mgongo, na mpira uliofuata akaupiga ukapita juu ya ukuta, huku mwenzake akisubiri kituo cha pili. Mikimbio miwili: nne kwa tatu. Nje kioo kikalia *chwaa*.

"Hilo gari lako, shemeji," Wilma alisema.

"Acha livunjike!"

Awamu ya mwisho Corliss waliukaba mchezo mpaka ukaisha.

Jumatano mtoano ukaanza, na ligi haina haya: kiongozi wa Magharibi dhidi ya kiongozi wa Mashariki. Lester aliokota kibao cha Harwick sakafuni, akakifuta kwa shati.

"Usikisugue sana," Wilma alisema. "Watang'aa bure."

Harwick walianza kupiga, watatu wakatolewa chapuchapu bila mkimbio hata mmoja. Lester akachagua sifuri iliyo nyoofu kuliko zote, akaitundika taratibu, halafu akairekebisha tena, ingawa haikuwa imepinda.