Mama Yuko Bandarini

Bi Shaikha alipoanza kujifukiza udi siku za kazi, binti yake Hajar aliingiwa na shaka. Tangu afiwe na mumewe, mama huyu alikuwa hatoki nyumbani kwake Darsait ila kwa harusi au msiba. Sasa kila Hajar akimpigia simu kutoka Al Khoudh, anakofundisha chuo kikuu, anaambiwa yuko Matrah. Jana Matrah, leo Matrah.

"Unafanya nini huko, Mama?"

"Nnanyoosha miguu."

Mtu aliyekuwa akililia magoti kwa kupanda ngazi tu!

Hajar alikwishasikia habari za matapeli wanaowaganda wajane wenye nyumba. Asubuhi moja akaomba ruhusa kazini, akaegesha gari karibu na soko la samaki la Matrah, pale bandarini, akangoja. Teksi ikamshusha mama yake mbele ya jengo la abiria wa feri. Ana sanduku jipya la magurudumu. Mzee mmoja wa kanzu nyeupe na kilemba cha zambarau akalipokea lile sanduku, wakaingia ndani wakicheka.

Hajar akampigia kaka yake.

"Aflah, Mama yuko bandarini na mwanamume! Njoo upesi."

Aflah akakohoa tu.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Nenda zako kazini, Hajar."

"Kwani wewe unajua nini?"

"Muulize mwenyewe." Akakata simu.

Ndani, abiria wa Khasab walikuwa wakipimisha mizigo. Bi Shaikha alikaa kitako akimenya chungwa, nusu akampa yule mzee. Hajar hakupata kumwona akimlisha hata marehemu baba yao mbele za watu.

"Mama, nani huyu?"

Bi Shaikha akameza kwanza. "Mume wangu. Yaqdhan."

"Mume! Nani kakuozesha?"

"Aflah. Ndiye walii wangu, nani mwengine?"

"Na mimi mbona sikuambiwa?"

"Kwa sababu ungeuliza mpaka babu yake kazikwa wapi."

"Kazikwa Wete," mzee akasema kwa upole, kwa Kiswahili cha Pemba.

Hajar hakucheka. "Na huko Khasab mnafuata nini?"

"Dada yangu hawezi kusafiri," akajibu Mzee Yaqdhan. "Nampeleka mamako akamwone."

"Na nyumba ya Darsait ina jina la nani hivi sasa?"

"Hajar!" Sauti ya mama ilipasuka, watu wakageuka.

Mzee akatia mkono mfukoni, akatoa kitambulisho chake. "Mwache aulize. Binti yangu alimhoji mamako vibaya kuliko hivi. Kipige picha, mwanangu. Na nyuma pia."

Hajar akakipiga picha mbele na nyuma. Mama yake alitazama pembeni, machozi yakimlengalenga. Walipoitwa kupanda feri alimpita bila kumbusu, kisha akasita mlangoni.

"Ntakupigia. Usipopokea, shauri yako."

Hajar akampelekea Aflah ile picha: *Ulimchunguza huyu?* Jibu likaja: *Nilimchunguza. Na wao walituchunguza sisi. Wewe ndiye waliyekuogopa.*

Aliona haya, lakini shaka haikumtoka. Alisimama ukingoni mpaka feri ikang'oa nanga. Simu ilipolia aliipokea papo hapo.

"Nimepata dirishani," alisema Bi Shaikha.

"Na yeye?"

"Kashalala."

Hajar akashusha sauti. "Mkoba wako uko wapi, Mama?"

Upande wa pili akasikia kicheko cha chini chini.

"Nimeukalia."