Usiuone Mwezi, Baba

Nilimwomba baba yangu asiuone mwezi. Ninalisema hili mapema, ili asije mtu akaanza kunionea huruma kisha akajuta.

Ilikuwa Aprili mwaka wa tisini, Ramadhani inaelekea ukingoni. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha sita kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma mara mbili. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimetoa nafasi kumi za udaktari kwa Kenya nzima, karo na nauli juu yao, kwa watakaopeleka fomu mapema. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi alasiri, katika afisi moja mjini. Jioni hiyo hiyo, iwe sikukuu au isiwe, fomu zilizokwisha pokewa zingetiwa kwenye mfuko wa barua na kupanda gari la moshi kwenda Nairobi. Atakayechelewa angeweza kuomba baadaye, lakini ajilipie mwenyewe. Baba yangu Mwinyihaji alikuwa mshona kofia. Angenilipia kwa nini, kwa nyuzi?

Fomu yangu ilikuwa tayari, imepungukiwa na kitu kimoja tu: cheti cha kuzaliwa. Sisi wa Likoni wakati ule tulizaliwa nyumbani. Mkunga alikata kitovu, wazee wakasoma dua, basi. Hakuna aliyeona haja ya kwenda kuiambia serikali. "Mtu mwenyewe si huyu hapa?" bibi yangu alikuwa akisema. Tangu matokeo yatoke nilikuwa nikizunguka na barua ya mzee wa mtaa, barua ya chifu, na kiapo cha mkunga ambaye alitaka kwanza tukubaliane ni mvua gani iliyokuwa ikinyesha siku niliyozaliwa. Hata kufika Jumatano cheti kilikuwa kimeandikwa, kinangoja sahihi ya mkubwa aliyekuwa safarini.

"Ijumaa asubuhi kitakuwa hapa mezani," karani wa vyeti aliniambia, katika jengo lile lile la kupelekea fomu. Jina lake Erastus, mtu wa bara, mpole, tai imemkaba shingo. "Ukikichukua, panda ghorofa ya juu utoe fomu yako, mambo yamekwisha. Au pitia kesho alasiri, ujaribu bahati. Huenda mkubwa akarudi mapema."

"Na Ijumaa ikiwa Idi?"

Akageuka kutazama kalenda ukutani. "Idi ni Jumamosi. Imeandikwa."

Nusura nicheke. Ati mwezi husoma kalenda! Alhamisi ilikuwa ishirini na tisa Ramadhani. Mwezi ukiandama jioni ile, Ijumaa ni Idi, afisi zimefungwa, nami nimekwisha. Usipoandama, tunafunga siku ya thelathini, na Ijumaa inakuwa siku ya kazi kama nyingine. Na mtu aliyetegemewa mtaani kwetu kuutafuta mwezi huo alikuwa baba.

Macho ya baba yalikuwa na sifa yake. Kila mwisho wa Shaabani na wa Ramadhani alikwenda Mtongwe, pale juu panapotazama bandari, pamoja na jirani yetu Mzee Ishaka, kwa maana mwezi wa kufungulia unataka mashahidi wawili waadilifu. Uadilifu Mzee Ishaka alikuwa nao tele. Macho ndiyo hakuwa nayo. Baba alikuwa akimshika kidevu, akamwelekeza, akamwonyesha kwa kidole mpaka naye akauona, au akaamini kwamba ameuona. Kwa hivyo mashahidi walikuwa wawili, lakini macho yalikuwa ya mtu mmoja.

Jumatano ile nilimkuta barazani anashona. Nikamweleza habari za Erastus na kalenda yake. Kisha nikasema, "Baba, kesho usiuone."

Sindano ikasimama. "Wajua uniombalo?"

"Najua."

"Kufunga siku ya Idi ni haramu, Mwanarehema. Wala sitafunga peke yangu. Mtaa mzima utafunga. Bibi yako atafunga, na wagonjwa waliojikaza mwezi mzima watafunga. Wote hao juu ya shingo yangu mimi."

"Ni siku moja tu, baba."

Nilisema hivyo, kama mtoto aombaye andazi la pili. Baba akarudi kwenye kofia yake. "Nenda kamsaidie mamako," akasema. Hakukubali, wala hakukataa. Nami nilimjua: la yake haikuwa na desturi ya kukawia.

Alhamisi sikwenda mjini. Ningeweza kwenda kujaribu ile bahati ya Erastus, lakini niliogopa kumwacha baba. Niliona nikiwapo hapo, nimesimama ubavuni pake na uso wangu huu, hatathubutu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Niliwaza pia habari ya redio, maana mwezi ukionekana kwengine hutangazwa. Lakini mvua za masika zilikuwa zimefunga tangu asubuhi, nikajipa moyo kwamba mawingu yale yamefunika nchi nzima.

Jioni nikawafuata wazee wawili Mtongwe, nimebeba birika la maji na tende za kufungulia. Ng'ambo ya maji taa za Kipevu zilikuwa zimekwisha washwa. Mbingu ilikuwa nzito, rangi ya jivu, na moyo wangu mweupe. Magharibi ikaingia, tukafungua kwa tende, wazee wakaswali pale pale kwenye majani. Waliposimama tena kutazama, Mzee Ishaka alikuwa amekwisha kata tamaa.

"Leo hapana kitu," akasema. "Twendeni zetu, mvua yaja."

Hapo mawingu yakaachana, upande wa Port Reitz. Pengo lenyewe halikuzidi upana wa kiganja. Mwezi ulikuwa ndani yake, mwembamba, umelala chali, hauna shaka hata chembe. Mimi niliuona. Nilikuwa na macho ya baba yangu, nani mwengine angenipa? Nikageuka kumtazama, nikamwona anauona. Midomo yake ilianza dua ya mwezi mwandamo, ikafika katikati, ikasita.

"Vipi, Mwinyihaji?" Mzee Ishaka akauliza. Kidevu alikuwa amekwisha kukitoa, tayari kuelekezwa.

Baba hakukishika. Mawingu yakarudiana. "Mbingu imefunga," akasema.

Tukarudi mtaani. Nilitaka kumshukuru, na aibu ikanizuia, na chini ya aibu ilikuwako furaha ambayo hata leo siwezi kuisamehe.

Msikitini nilisimama nje, dirishani, kama wafanyavyo wanawake wanaongoja habari. Maalim aliuliza mbele ya watu wote. Baba alirudia maneno yale yale: mbingu imefunga. Hakuapa, wala hapana aliyemwapisha. Neno lake lilikuwa halijawahi kutaka kiapo.

"Na wewe, Ishaka?"

"Asipouona Mwinyihaji, nitauona mimi?"

Watu wakacheka. Ikaadhiniwa isha, wakaswali, wakaanza tarawehe. Mimi nikaenda nyumbani nikapiga pasi rinda langu la kwendea mjini. Nilikuwa bado nimeshika pasi niliposikia kelele nyumba ya pili. Redio ilikuwa imetangaza: mwezi umeandama, umeonekana sehemu nyingi za nchi, kesho Idi. Mama akapiga vigelegele jikoni. Kutoka msikitini tarawehe ikakatika, takbira zikapanda, watoto wakamwagika njiani wakiimba. Mtaa mzima ulikuwa na furaha, nami nimekaa kitandani na rinda langu.

Baba aliingia, akasimama mlangoni. "Umetangazwa," akasema.

"Nimesikia."

Hakuwa mtu wa kubuni maneno ya kunifariji. Akaenda kutawadha, ingawa alikuwa na udhu.

Ijumaa asubuhi, watu wakienda uwanjani kuswali Idi, mimi nilivuka kwa feri kwenda mjini. Usiniulize kwa nini. Mlango wa afisi ulikuwa na kufuli na mnyororo, na mlinzi, Jefwa, alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula mhogo.

"Leo si sikukuu yenu, dada? Nanyi ndio mwaja afisini?"

Nilikaa naye hadi saa kumi. Alinimegea mhogo, nikala. Saa kumi ilipolia nikashukuru, nikaondoka.

Jumatatu nilirudi kuchukua cheti, maana ni changu. Erastus alikitoa kwenye mtoto wa meza kwa mikono miwili. "Mkubwa alirudi Alhamisi saa nane," akasema. "Nilikungoja mpaka saa kumi na moja. Hata ghorofa ya juu niliwaomba wangoje kidogo. Mbona hukuja, dada?"

Nikamwambia nilikuwa na kazi nyumbani. Kazi yenyewe ilikuwa kumlinda baba yangu asiseme kweli. Hilo sikumwambia baba, wala sikupata kumwambia. Lake lilikuwa zito la kutosha.

Na lake halikwisha usiku ule wa msikitini. Siku ya pili ya Idi wazee walikuja kutupa mkono wa Idi, wakamkuta barazani na kofia yake. Mzee Ishaka, kwa mzaha wa watu waliozeeka pamoja, akasema, "Ajabu, Mwinyihaji. Kote wameuona mwezi, wewe hukuuona, na tundu la sindano unaliona?"

Wote wakacheka. Baba naye akacheka. Kisha akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akakikunja. "Hata hilo silioni vyema siku hizi," akasema. "Uzee, ndugu yangu."

Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la kahawa. Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha, na aibu ingekuja kwangu ambako ndiko kwao. Nikawagawia kahawa.

Uongo ni kama mbuzi wa kufungwa, kila siku wataka kukatiwa majani. Mtu aliyesema haoni hawezi kuonekana anashona kofia za vito, zile za matundu madogo madogo. Mfunguo saba ilipofika, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, baba alikuwa ameiacha kazi aliyoifanya tangu ujana, akawa anauza nazi mlangoni, nazi haitaki macho. Mwisho wa Shaabani walipokuja kumwita waende Mtongwe kuutafuta mwezi wa Ramadhani nyingine, aliwaambia watafute vijana. Mzee Ishaka alimbembeleza hadi machozi yakamlenga. Mimi nilijua lililomzuia. Shahidi aliyeficha ushahidi hana uadilifu tena. Baba alilijua hilo bila kufundishwa na maalim. Lakini kulisema kungelazimu kunitaja mimi. Basi akachagua upofu.

Nilikwenda chuo cha ualimu, sikufa njaa, sina haja ya kuliliwa. Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani mchana, nimebeba sanduku. Baba alikuwa barazani na wazee wenzake. Nilikuwa bado mbali, mwisho kabisa wa njia, nilipomwona akiinua kichwa. Uso ukamchanuka, mkono ukaanza kupanda kunipungia. Halafu akakumbuka waliokaa naye. Mkono ukashuka, akaelekeza macho ukutani, akayaacha huko wakati wote nilipokuwa nakuja.

Nikasimama mbele yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, bado anatazama ukuta. "Nani, mwanangu?"

Wazee wakanitazama kwa huruma. Mmoja akataka kumjibia, nikamtangulia.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Mwanarehema."