Kidonda cha Dionis

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, watu wa kigango wakiwa kanisani wanaimba, Dionis alikuwa bondeni anagema ulanzi, pombe ya mianzi. Alikwisha kuonja mbeta nne za kwanza, vile vikopo vya mwanzi vya kukingia. Alipofika kwenye mwanzi wa tano akaona ncha imekauka, akaupiga mundu. Mundu ukaupita mwanzi, ukaingia kwenye muundi wake wa kushoto. Mkewe Vestina alirudi kutoka kanisani na mtoto mgongoni, akamkuta ameketi mlangoni, mguu ameufunga kwa kilemba chake Vestina, kile kipya.

“Ni kaka yako huyu,” alisema Dionis. “Huu mundu si alinipa yeye? Alinipa mkali makusudi.”

Lo! Mundu mkali! Kwani alitaka apewe butu? Vestina alimshusha mtoto mgongoni. Alipiga magoti afungue kilemba, na chini yake akakuta ngozi nzima, haina hata mkwaruzo. Dionis akanyoosha mguu, akaulizia chakula.

Siku ya nne barua ilifika kutoka Makambako, ambako Silvesta, kaka yake Vestina, alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, pale malori yanapopumzika. “Dada,” aliandika, “kidonda cha shemeji kilifika Jumapili mchana nikiwa napinda suruali ya dereva. Kimekaa mguu wa kushoto, ule ninaoutegemea kukanyagia cherehani. Tafadhali nijulishe kitakaa muda gani.” Vestina akamjibu kwamba hajui, ila akioshe kwa maji ya moto na chumvi.

Kilikaa siku tisa. Siku ya kumi kilirudi kwa mwenyewe, kama kuku anayejua banda lake, kimeongezeka upana na kinanuka.

Vestina akampeleka Dionis zahanati ya Uwemba. Walitembea tangu alfajiri, yeye akibeba mtoto, kikapu na fimbo ya mume ya akiba. Sista aliyekuwa zamu alivaa miwani yake, akakitazama kidonda kwa muda, kisha akaeleza matibabu. Maji yaliyochemshwa na chumvi, asubuhi na jioni. Ulanzi basi, mpaka kifunge. Na tatu, kidonda cha namna hii hakiponi ila kwenye mguu wa mtu aliyesema, “Ni changu.” Alilisema hilo la tatu kwa sauti ileile aliyosemea chumvi, akaliandika kwenye kadi.

“Hakuna sindano, Sista?” aliuliza Dionis.

Sista akasema sindano ya hilo haijaletwa.

Njia nzima ya kurudi Dionis alilalamika. Mtu ametembea saa tano anaambiwa chumvi! Walipofika nyumbani, Vestina alichemsha maji. Dionis akachovya kidole, akasema yanachoma, akaomba ulanzi wa kutulizia maumivu. Jioni alitangaza kwamba kidonda ni cha jirani yao Telesia, ambaye mbuzi wake walimfanya akimbie siku moja ya mvua. Telesia alikuwa anapalilia viazi. Aliweka jembe chini, akajifunga mguu kwa kanga, akaendelea kupalilia.

Baada ya Telesia kilikwenda kwa jumbe, kwa sababu ya kuwapeleka watu kazi ya barabara wakati wa matope. Kisha kilikwenda kwa mama yake Dionis mwenyewe, ajuza wa watu, kwa kosa la kumzaa na damu nyepesi. Kila mmoja alikaa nacho siku nane, siku kumi, kikarudi. Na kila kiliporudi kilikuwa kikubwa zaidi, maana huko kwa wenzake kilikuwa kinaoshwa na kwa mwenyewe kinalala na uchafu.

Watu walizoea. Walimwamkia Dionis kutoka mbali, “Kamwene, baba,” kwa mikono miwili, wakampelekea viazi na maharage, wakaucheka utani wake usiochekesha. Jumbe alimfuta kwenye orodha ya kazi ya barabara. Mwalimu wa dini pale kigangoni aliweka ombi maalumu kila Jumapili kwa ajili ya mwenye kidonda wa juma hilo, jina likiachwa wazi. Mambo yakaenda vizuri. Katika kijiji kizima hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia, wewe bwana, kidonda ni chako, kioshe. Waliogopa, basi. Vestina aliwatazama wakipokezana kuinama mbele ya mlevi mmoja, akawadharau wote, akajidharau na yeye aliyekuwa akimpakulia.

Ikafika Juni, na baridi ya kukausha majani. Kidonda kilirudi kutoka kwa ajuza Jumamosi asubuhi. Dionis aliketi karibu na moto, mguu juu ya kigoda, akatafuta jina. Kwa Silvesta hakikwenda tena, alikwisha kujaribu. Mtu aliyekiosha vizuri hakikumrudia. Mtoto wao, Oktavia, alikuwa anaota meno, analia tangu jana.

Vestina aliyaona macho ya mumewe yakizunguka nyumba. Yalipita chungu, yakapita yeye, yakatua kwenye mkeka alipolala mtoto. 

“Baba Oktavia,” alisema, “nakuomba. Maneno mawili tu. Nitakiosha mimi, sitakuuliza kitu maisha yangu yote. Sema tu.”

Dionis alifungua kinywa. Vestina akaona ulimi unainuka, akadhani, maskini, kwamba yanakuja.

“Ni,” alisema Dionis. “Ni huyu mtoto. Mtu halali kwa kelele zake, kidonda kitaponaje?”

Oktavia alinyamaza. Kisha akaanza kulia kilio kingine. Kilikuwa kidonda cha mtu mzima, na muundi wake ulikuwa mfupi, hivyo kilianzia gotini kikaishia kwenye kifundo.

“Ni changu,” alisema Vestina.

Kikaja. Kilikuwa kizito na cha moto, akalazimika kushika nguzo. Mtoto aliguna, akalala palepale. Dionis akashusha mguu mzima kutoka kwenye kigoda, akautikisa.

“Umeona?” alisema. “Nilijua ni mtoto.”

Mwanamume mzima na ndevu zake! Vestina akaachia nguzo, akaenda kuchemsha maji.

Alikiosha asubuhi na jioni, majuma saba. Alikiosha kabla ya kwenda shamba na baada ya kurudi, akiuma kitambaa asimwamshe mtoto. Katika mwezi wa nane kilifunga, kikaacha kovu. Hakikurudi kwa mtu.

Jumapili iliyofuata Dionis alisimama kanisani kutoa shukrani. Alieleza alivyoteseka, alivyovumilia, na kwamba mgonjwa akiwa mkweli na nafsi yake Mungu hamwachi. Watu waliitikia amina kwa nguvu, wengine wakifuta machozi. Mwalimu wa dini alimpa msalaba abebe kwenye maandamano ya Bikira Maria, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imara. Upande wa wanawake, Vestina, Telesia na ajuza walikaa benchi moja, miguu imefunikwa na kanga. Ajuza alisema mwanawe amependeza.

Mvua zikaja, mianzi ikachipua, ulanzi ukaanza kutiririka. Jumapili moja Vestina hakwenda kanisani kwa sababu ya mafua ya Oktavia, ambaye alikuwa anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Karibu na mchana alisikia hatua zikipanda kutoka bondeni, moja nzito, moja ya kuburuta. Akamnyakua mtoto, akamfunga mgongoni, akaweka maji motoni.

Dionis alisimama mlangoni, mundu mkononi. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kandambili. Aliwatazama, mama, kisha mtoto, kisha mama tena.

“Huu mundu,” aliuliza, “ameunoa nani?”